Shajara ya mradi: kupima magonjwa ya uzazi ya farasi papo hapo shambani, Lexington, Kentucky

Novemba

Mradi umeanza rasmi mwezi huu katika mashamba ya farasi yanayouzunguka mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Tunataka kujua kama vifaa vidogo vya kutambua vinasaba vya vimelea, vile vinavyobebwa kwenye buti la gari na kuendeshwa kwa betri, vinaweza kumpa daktari wa mifugo jibu la kutegemewa akiwa bado yuko bandani, badala ya kusubiri maabara ifunguliwe. Magonjwa tuliyoyachagua ni matatu: mimba kutupwa kwa sababu ya herpesi ya farasi aina ya kwanza, ambayo wataalamu huiita EHV-1; homa ya virusi vya mishipa ya damu, yaani EVA; na ule ugonjwa wa kuambukiza wa mji wa mimba unaofupishwa CEM. Yote matatu huambukiza uzazi, lakini hayafanani hata kidogo, na tofauti hizo ndizo zitakazoamua kama kifaa kina kazi ya kufanya au la.

Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzangu walio katika maabara za mifugo Afrika Mashariki, na pia kwa sababu ya Lexington yenyewe. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi mjini humu baada ya Kiingereza na Kihispania, kutokana na familia nyingi zilizotoka mashariki ya Kongo, na baadhi ya masaisi tutakaofanya nao kazi huelewa maelekezo ya Kiswahili vizuri kuliko ya Kiingereza. Mradi unaotegemea sampuli zilizochukuliwa vizuri hauwezi kudharau jambo hilo.

Kwa asiyeufahamu mji huu, ni vyema aelewe kwanza kwa nini muda una thamani kubwa hapa. Farasi wa mbio aina ya Thoroughbred wote wa hapa huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama walizaliwa Mei. Mimba ya farasi huchukua takribani miezi 11, kwa hiyo kila mfugaji hutaka majike wake wapandwe mapema kadiri inavyowezekana, na msimu hufunguliwa katikati ya Februari na kwisha mwanzoni mwa Julai. Aidha, kanuni za daftari la ukoo la Jockey Club haziruhusu uhimilishaji: dume lazima ampande jike mwenyewe. Dume mmoja mashuhuri anaweza kupandishwa kwa majike zaidi ya 100 katika msimu mmoja, nao hutoka mashamba mbalimbali na kurudi huko. Kimelea kimoja kikiingia katika banda la kupandishia, wiki chache tu zinatosha kukisambaza wilaya nzima.

Kabla ya kugusa kifaa chochote tumekubaliana juu ya utaratibu mmoja, nami nimeusisitiza kuliko wenzangu wote. Kila sampuli itaambatana na karatasi yenye maswali mawili ambayo daktari na meneja wa shamba watayajibu kabla kipimo hakijaanza: jibu likiwa chanya tutafanya nini usiku huu, na likiwa hasi tutaacha kufanya nini? Kama majibu ya maswali hayo mawili ni yaleyale, kipimo cha haraka hakina haja; sampuli iende maabara kwa njia ya kawaida na kila mtu akalale.

Desemba

Mwezi huu tumeshinda ndani, tukilinganisha njia mbili za upimaji. Ya kwanza ni PCR ya kubebeka, yaani mbinu ya kukuza vinasaba vya kimelea kwa kupandisha na kushusha joto hadi vionekane, ambayo kemikali zake zimekaushwa na kufungwa katika vichupa kiasi kwamba hazihitaji jokofu, na mashine yenyewe huonyesha alama ya chanya au hasi baada ya muda usiofika saa moja. Ya pili ni LAMP, mbinu iliyochapishwa na Wajapani mwaka 2000, ambayo hukuza vinasaba katika joto moja tu la kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi, bila kupandisha na kushusha joto kama PCR inavyofanya. Kwa kuwa joto halibadiliki, kifaa chake ni rahisi kutengeneza, na jibu linaweza kusomwa kwa macho: maji ya waridi yakigeuka manjano, kuna kinachokua ndani.

Ugumu umejitokeza kwenye manii. Rangi inayobadilika katika LAMP hufuata kupungua kwa alkali wakati vinasaba vinapokua, na manii ya farasi yana uwezo wake wenyewe wa kuzuia mabadiliko hayo. Sampuli ambayo haikusafishwa vizuri hubaki na rangi ya katikati, si waridi wala manjano, na kila anayeitazama huisoma kadiri anavyotarajia. Zaidi ya hapo, manii yana ute mzito na protini zinazoweza kukwamisha vimeng'enya vya aina zote mbili za kipimo. Tumeamua kwamba manii hayatapimwa kwa rangi kabisa katika mradi huu. Yatapimwa kwa PCR ya kubebeka, baada ya kuchujwa ute na kusafishwa kwa chembe za sumaku, na kila sampuli itatiwa kiasi kidogo cha kinasaba cha kigeni kama shahidi. Shahidi asipoonekana, jibu si hasi. Jibu halipo, na sampuli inarudiwa.

Hapa inafaa nieleze EVA kwa kirefu, maana ni ugonjwa ambao kipimo cha haraka huvutia sana na kupotosha kwa urahisi. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1953 katika shamba moja la Bucyrus, Ohio, kutoka kwenye mapafu ya kijusi kilichotupwa. Kentucky iliujua uchungu wake mwaka 1984, ulipolipuka miongoni mwa Thoroughbred, na tangu hapo madume wa aina hiyo jimboni huchanjwa kila mwaka. Jike aliyeambukizwa huwa na homa, huvimba miguu, pengine hutupa mimba, kisha hupona na virusi humtoka. Dume ni habari nyingine. Kati ya asilimia 10 na 70 ya madume waliokwisha kubalehe wanapoambukizwa hubaki wabebaji, virusi vikijificha katika tezi zilizo mwishoni mwa mirija ya mbegu, vikitegemea homoni ya kiume ili kuendelea kuwepo. Ndiyo maana farasi aliyehasiwa hawi mbebaji. Dume huyo anang'aa, anakula, anapanda, uwezo wake wa kutia mimba haujapungua, na majike wasio na kinga wanaopandwa naye huambukizwa kwa asilimia 85 hadi 100.

Mantiki ya upimaji hutoka humo. Mbebaji daima huwa na kingamwili katika damu. Dume asiye nazo, yaani ambaye kipimo cha kuzima virusi, kinachoangalia kama damu yake inazuia virusi kukua, kinaonyesha chini ya 1:4, si mbebaji na manii yake hayahitaji kupimwa. Aliye nazo, na hana hati ya kuthibitisha kwamba zilitokana na chanjo, ndiye anayepaswa kupimwa manii. Lakini kile kipimo cha kuzima virusi hufanywa kwenye seli hai na huhitaji siku kadhaa, hakibebeki. Kwa hiyo mashine yetu inaweza kujibu swali la pili kwa saa moja huku swali la kwanza likisubiri maabara siku kadhaa. Nimewaeleza wenzangu kwamba kwa EVA tusitangaze kasi ambayo mfugaji hataiona. Faida ipo mahali pamoja tu: pale ambapo dume amekwisha kuonekana ana kingamwili, manii yameletwa kutoka mbali yakiwa kwenye barafu, kwa aina za farasi zinazoruhusu uhimilishaji, na jike amekwisha kuingia joto.

Vilevile virusi hivi hufuatana na sehemu ya manii yenye mbegu nyingi. Maji yanayotangulia hayana maana kwa kipimo. Sampuli nzuri hupatikana kwa uke wa bandia, na dume wa mbio aliyezoea majike hai mara nyingi hukataa kabisa sanamu ya kupandia. Kinachobaki ni kukinga matone dume anaposhuka juu ya jike. Matone hayo ni machache na machafu, na ubora wake hutegemea mtu mmoja aliyesimama karibu mno na miguu ya nyuma ya mnyama wa kilo mia tano akiwa na kikombe mkononi.

Januari

Baridi ya Kentucky imetupima kabla hatujapima farasi. Mashine zimetengenezwa kufanya kazi katika joto la chumba, na bandani maji ya ndoo yameganda. Tumezihamishia kwenye gari, zikiwashwa mapema ili zipate joto, na vichupa vya kemikali tunavibeba mfukoni ndani ya koti. Tumefunga pia kipimajoto kidogo pembeni mwa kila mashine, na namba yake huandikwa kwenye karatasi ya sampuli.

Usiku wa katikati ya mwezi tuliitwa katika shamba ambalo jike mwenye mimba ya miezi tisa alitupa kijusi bila dalili yoyote ya kutangulia. Jioni alikula kama kawaida. Kijusi kilikuwa kibichi, hakijaoza, kimetoka kikiwa bado kimefunikwa na sehemu ya kondo. Daktari wa shamba alikifungua juu ya turubai lililotandazwa kwenye theluji, mbali na mabanda. Mapafu yalikuwa mazito na yamejaa maji, na katika ini kulikuwa na vitone vyeupe vidogo kama ncha ya sindano, vimetapakaa chini ya utando. Yeyote aliyesoma magonjwa ya farasi anajua vitone hivyo vinamaanisha nini, ingawa si kila kijusi cha EHV-1 huwa navyo. Tulichukua vipande vya pafu, ini, wengu, tezi ya thimasi na kondo. Nusu ya kila kipande iliingia katika chombo cha maabara ya uchunguzi ya Chuo Kikuu cha Kentucky, nusu ikaja kwetu.

Karatasi ya maswali mawili ilijazwa kwa mwanga wa taa ya kichwani, na kwa mara ya kwanza niliona majibu yanayotofautiana waziwazi. Jibu likiwa chanya, majike wote wenye mimba waliokuwa katika uwanja mmoja na huyu wangefungwa pamoja pale pale usiku ule, wasichanganywe wala kuhamishwa, na saisi wao asiingie banda lingine. Likiwa hasi, jike mmoja tu angetengwa, na wale wawili waliokuwa na safari ya alfajiri kwenda shamba la kuzalia wangebaki wakisubiri maabara, lakini bila shamba zima kusimama. Swali lilikuwa halisi na lilikuwa la usiku ule.

Kipimo kilitoa chanya kwenye pafu, ini na kondo, na shahidi alionekana katika vichupa vyote. Kundi lilifungwa kabla ya mapambazuko. Maabara ilithibitisha jibu hilo baadaye.

Nimeuzingatia usiku huo kwa makini, kwa sababu nadhani ndani yake kuna hoja kubwa ya mradi wetu. EHV-1 inafaa kupimwa papo hapo kwa sababu kijusi kilichotupwa kina virusi vingi mno, kiasi kwamba hata kipimo chenye usikivu wa wastani hakiwezi kuvikosa. Hatua inayofuata jibu chanya, yaani kutenga, haina madhara makubwa kama jibu likija kukanushwa. Na saa za usiku zina uzito, maana majimaji ya kijusi ndiyo yanayoeneza maambukizi, na majike wengine wanaweza kutupa mimba kuanzia siku chache hadi miezi kadhaa baadaye. Ugonjwa wenye sifa hizo zote tatu kwa pamoja si wa kila siku.

Mtu mmoja aliuliza kama mashine inaweza kutofautisha ile aina ya EHV-1 yenye badiliko katika jeni la kimeng'enya cha kunakili, ambayo huhusishwa zaidi na kupooza. Haiwezi, na kwa uamuzi wa usiku ule hilo halina uzito, kwa kuwa aina zote mbili hutupisha mimba na aina zote mbili zinaweza kupoozesha. Kundi lingefungwa vilevile.

Februari

Wingi huohuo wa virusi ulioturahisishia kazi Januari umetuletea shida. Katika moja ya raundi za mwezi huu, kichupa kisichotiwa sampuli, kile cha maji matupu, kilitoa chanya. Chanzo kilipatikana: mkasi uliokatia vipande vya kondo uliwekwa kwenye sanduku moja na vichupa vya kemikali. Kwenye maabara kuna chumba cha kuchanganyia dawa, chumba cha kufungulia sampuli na chumba cha mashine, na hewa haitoki kimoja kwenda kingine. Kwenye gari kuna kiti cha mbele na buti. Sasa kazi imegawanywa kwa watu, kwa kuwa vyumba havipo: anayekata hagusi vichupa, anayegusa vichupa hashuki garini, na vichupa vilivyokwisha kupimwa havifunguliwi kamwe, hutiwa mifuko miwili na kurudishwa mjini vikiwa vimefungwa. Kipimo chochote ambacho kichupa chake cha maji hakikubaki hasi kinafutwa chote, hata kama jibu lilikuwa lile tulilolitarajia.

Msimu umefunguliwa. Tumefanya mafunzo kwa masaisi, kwa Kiswahili na Kihispania, kuhusu mambo mawili tu: kupima joto la majike mara mbili kwa siku na kuliandika, na kukinga sampuli. Mzee mmoja mwenyeji wa Uvira, ambaye amefanya kazi na farasi hapa kwa miaka mingi na ambaye vijana wote humwita Papa, alinyoosha mkono kabla sijamaliza na kuuliza: "Dada, hii kipimo ni ya kuangalia farasi ao ni ya kuangalia kazi yetu?" Swali lake lilikuwa na msingi. Kimelea kinapoonekana shambani, mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni yule aliyeshika kamba. Nilimjibu mbele ya wote kwamba karatasi zetu hazina jina la saisi, kwamba homa iliyoandikwa mapema huokoa shamba, na kwamba daktari aliyekuwepo pale ataeleza jambo hilo hilo kwa meneja. Daktari alifanya hivyo siku ileile.

Baada ya hapo kumbukumbu za joto zilijaa vizuri kuliko awali. Papa mwenyewe ametufundisha namna ya kukinga matone dume anaposhuka: asimame upande wa kushoto wa dume, karibu na bega, si nyuma, kikombe kiwe kimepashwa joto mkononi ili chuma baridi kisimshtue, na mkono unyooshwe wakati kwato za mbele zimekwisha kugusa chini, si kabla. Tumeandika maelezo yake neno kwa neno katika mwongozo wa mradi. Sampuli zake ndizo zenye mbegu nyingi kuliko zote tulizoziangalia kwa hadubini, na sampuli isiyo na mbegu haiwezi kusema lolote juu ya EVA, hata mashine ingekuwa bora kiasi gani.

Machi

Mwezi wa CEM, na mwezi wa mabishano.

Ugonjwa huu ulijulikana kwa mara ya kwanza Newmarket, Uingereza, mwaka 1977, na mwaka uliofuata ukaingia Kentucky pamoja na madume walioletwa kutoka Ulaya. Bakteria wake, Taylorella equigenitalis, huishi juu ya ngozi ya uume wa dume, katika mikunjo na kishimo kinachozunguka tundu la mkojo, na kwa jike hujificha katika mashimo madogo ya kinembe. Dume haugui. Mwili wake hautengenezi hata kingamwili, kwa sababu bakteria hawaingii ndani. Kupima damu ya dume kwa CEM ni kazi bure. Jike hutokwa na uchafu mzito wa kijivu, hashiki mimba kwa muda, kisha huonekana amepona huku akiwabeba bakteria kwa miezi.

Njia ya kawaida ya kuwatambua ni kuwaotesha. Usufi, yaani kijiti cha pamba kilichopanguswa kwenye sehemu hizo, huwekwa kwenye chombo chenye mkaa, hupozwa kwa nyuzi 4, na lazima ufike maabara ndani ya saa 48. Huko huoteshwa katika hewa yenye kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 hadi 10, na sahani haitupwi kama hasi hadi siku 7 zipite. Mara nyingi bakteria wengine wa kawaida wa sehemu hizo huota haraka na kuwafunika. Kwa hiyo hoja ya kutumia PCR ina nguvu, na si ngeni: Japani iliitegemea katika mpango wake wa kuutokomeza ugonjwa huu miongoni mwa Thoroughbred miaka ya 2000. Tena PCR nzuri hutenganisha equigenitalis na ndugu yake asinigenitalis, aliyepatikana katika punda madume wa California na Kentucky mwishoni mwa miaka ya 1990, ambaye kwa kuotesha tu ni rahisi kuwachanganya.

Baadhi ya wenzangu walipendekeza kwamba, kwa kuwa PCR ya maabara inakubalika, na mashine yetu ni PCR, basi tuanze kupima majike mlangoni mwa banda la kupandishia na kuwaruhusu walio hasi. Nimepinga, na mwisho wa mjadala mrefu msimamo huo ndio uliokubaliwa. Sababu yangu ni mlipuko wa Marekani wenyewe. Desemba 2008, dume mmoja wa aina ya Quarter Horse hapa Kentucky alionekana chanya katika upimaji wa kawaida wa kusafirisha manii nje ya nchi. Ufuatiliaji ulifikia karibu farasi elfu moja katika majimbo 48, na ilibainika kwamba bakteria walikuwa wamekuwemo nchini kwa miaka bila kujulikana, wakihama kutoka dume hadi dume kupitia sanamu za kupandia, vifaa na mikono katika vituo vya kukusanyia manii. Afrika Kusini ilikutana na hali ya namna hiyo mwaka 2011, kuanzia kwa dume wa aina ya Lipizzaner. Katika visa vyote viwili kilichoruhusu ugonjwa kuenea ni imani kwamba farasi aliyeonekana safi ni safi.

Jibu hasi la mlangoni lingeiongezea imani hiyo muhuri. Dume mbebaji hatoi bakteria kwa wingi uleule kila siku. Usufi mmoja unaweza kuwakosa, kama unavyoweza kuwakosa aliyeoshwa asubuhi kwa sabuni ya dawa au aliyepewa antibiotiki wiki hiyo. Ndiyo maana kanuni za Marekani za kuingiza madume kutoka nchi zenye ugonjwa haziridhiki na usufi peke yake, bali humtaka dume apandishwe kwa majike wawili wa majaribio, nao wapimwe. Utaratibu huo ni mzito na wa gharama, na ulitungwa na watu waliokwisha kudanganywa na majibu hasi. Ikumbukwe pia kwamba hapa Marekani CEM ni ugonjwa wa kigeni unaotakiwa kutolewa taarifa mara moja kwa mamlaka za mifugo, na uthibitisho wake hufanywa na maabara ya taifa iliyoko Ames, Iowa. Shamba lenye mashine yake lisingekuwa na haki ya kulitunza jibu chanya kama siri yake, na mashine isingepaswa kumpa mtu kishawishi cha kufanya hivyo.

Kwa hiyo kazi yetu ya CEM imebaki kwenye sufi zilizopakwa vinasaba vya bakteria waliouawa, zikichanganywa na sufi safi bila mpimaji kujua ipi ni ipi. Mashine imezitambua vizuri zile zenye kiasi kikubwa, na imeyumba kwenye zile zenye kiasi kidogo, ambazo ndizo zinazofanana na dume mbebaji. Matokeo haya tutayapeleka kama yalivyo.

Aprili

Nimepokea barua kutoka kwa mwenzangu wa Morogoro akiuliza kama vifaa hivi vingefaa kwetu. Nimemjibu kwa kirefu, na sehemu ya jibu naiweka hapa kwa kuwa inahusu mradi.

Hapa Lexington maabara kubwa iko umbali mfupi wa gari kutoka mashamba mengi, na sampuli ya asubuhi inaweza kupata jibu la PCR kabla ya usiku. Kasi tuliyoiongeza ni ya saa chache, na thamani yake huonekana usiku, mwishoni mwa wiki na theluji inapofunga barabara. Mahali ambapo sampuli husafiri siku nzima kabla ya kufika kwenye jokofu, thamani ingekuwa kubwa mara nyingi zaidi. Lakini huko ugonjwa wenyewe ni mwingine. Katika nyanda za juu za Arsi na Bale nchini Ethiopia, nchi yenye farasi wengi kuliko zote barani, ugonjwa wa uzazi unaowatesa wafugaji ni dorini, unaosababishwa na Trypanosoma equiperdum na kuambukizwa kwa kupandana bila mbung'o wala nzi yeyote. Hauna chanjo. Farasi hukonda, huvimba sehemu za siri, miguu ya nyuma hulegea, na mwisho mara nyingi ni kifo, kwa familia ambayo farasi huyo ndiye anayevuta gari na kupeleka mazao sokoni.

Kipimo cha haraka cha dorini kina tatizo ambalo mashine haiwezi kulitatua. Equiperdum, evansi anayeleta surra na brucei anayeleta nagana, magonjwa mengine ya mifugo, ni ndugu wa karibu sana, kiasi kwamba vipimo vingi vya vinasaba husema tu kwamba mmoja wa kundi hilo yupo, na kingamwili zao hufanana. Kwenye nyanda za juu zisizo na mbung'o, jibu chanya pamoja na vidonda vya sehemu za siri linaweza kutosha kumzuia dume asipande. Chini bondeni, jibu hilohilo halitofautishi dorini na nagana, ambazo hudhibitiwa kwa njia tofauti kabisa. Nimemshauri aanze na karatasi ya maswali mawili, aijaze pamoja na wafugaji kwa kila mahali anapotaka kwenda, kabla hajaomba fedha za mashine.

Kwa upande wetu, msimu unaendelea hadi Julai. EHV-1 kwenye vijusi vilivyotupwa inaendelea kupimwa shambani kama ilivyo, kila sampuli ikiwa na mwenzake maabara. Upimaji wa pua kwa farasi wenye homa tumeuongeza mwezi huu, kwa tahadhari, maana virusi vya herpesi hulala mwilini maisha yote na chanya hafifu kwa farasi mzima si sawa na chanya ya kijusi. EVA itasubiri majira ya joto, madume watakapopumzika na kuwezekana kukusanya manii kwa uke wa bandia bila kuingilia ratiba za kupandisha. Papa amekubali kuwa mkufunzi wa masaisi wapya katika mashamba mengine mawili, kwa malipo, na jina lake litaingia katika mwongozo kama mmoja wa walioutunga. Sufi za CEM za raundi ya pili zimekwisha kuandaliwa, safari hii zikiwa nyingi zaidi za kiwango cha chini, na upimaji wake unaanza wiki ya kwanza ya Mei.